Kompyuta Zilizolala za Sitambui

Sitambui ni nchi ya watu wapole. Hilo lisemwe mwanzo, kwa sababu msikilizaji akishayapata mengine hatakubali tena kulisikia. Watu wake hawagombani njiani, hawapandishi sauti sokoni, na mgeni akiuliza njia haonyeshwi kwa kidole, hupelekwa mpaka mlangoni. Gereza hawana. Kitanzi hawakijui. Aliyetenda kosa kubwa hufutwa tu, basi.

Fundi mmoja, Sikudhani, alielezwa habari hiyo siku aliyofika, akaipokea kama mgeni anavyopokea habari za mvua za nchi ya watu. Hakuja kwa ajili ya sheria zao. Kwao alikuwa fundi wa kompyuta anayejulikana, mwanamke mwembamba wa maneno machache, asiyependa kushindwa na mashine. Halmashauri ya Sitambui ilikuwa imempelekea ujumbe kwamba kompyuta za serikali zimelala, na anaombwa aje aziamshe.

Mwenyeji wake alikuwa karani wa Halmashauri, Zaituni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyepata usingizi.

"Zimelala vipi?" Sikudhani alimuuliza walipokuwa wakipanda ngazi.

"Zimelala tu, Bi Fundi."

"Yaani zimefungwa. Zinadai neno la siri na hakuna anayelijua."

"Hapa hatusemi zimefungwa. Ukisema zimefungwa, kesho utaulizwa nani kazifunga."

"Na ukisema zimelala?"

"Unaambiwa usipige kelele."

Zaituni hakucheka aliposema hivyo, na Sikudhani hakujua kama ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Ofisini alikuta watumishi wameketi safu kwa safu mbele ya vioo vyeusi. Asubuhi walikuwa wamezivua mashine vitambaa vyao vya kutarizi, wakazipangusa vumbi, kisha wakaweka vidole kwenye vibodi na kuanza kuchapa. Chumba kizima kilivuma kwa mlio wa herufi zisizokwenda popote. Saa ya chai walinyanyuka, wakanywa, wakarudi, wakaendelea. Mama mmoja wa masijala alikuwa amepandishwa cheo mwaka huo kwa kasi ya vidole vyake. Mkuu wa idara alipita nyuma ya viti akitikisa kichwa kwa kuridhika, na kila alipofika kwa mtu aliyeacha kuchapa alimwuliza kwa upole kama anaumwa.

Kitu kilichomshangaza zaidi Sikudhani kilikuwa dari. Kuta za ofisi zile zilikuwa na rangi iliyobanduka, lakini dari lilikuwa limechorwa maua, ndege na matunda kwa ustadi wa kupendeza. Aliuliza sababu. Aliambiwa kwamba dari ndilo linalotazamwa sana.

Alipewa meza, akaanza kazi. Alichomeka flashi zake, akajaribu njia zote ambazo fundi huzijaribu pale mwenye funguo anapotoweka. Kompyuta za kawaida zilikubali mapema. Angeweza kuzifuta na kuzianza upya, zikawa kama zimetoka dukani. Iliyomshinda ni ile kubwa ya chumba cha ndani, na hiyo ndiyo iliyokuwa na Rejista.

Rejista ya Sitambui ni orodha ya watu wote wanaotambulika. Aliyemo husalimiwa, huuziwa, hutibiwa na huzikwa. Asiyekuwemo hayupo. Msimamizi wa mwisho alikuwa ameyavuruga maandishi yake kwa makusudi, kwa namna ambayo hayawezi kusomeka bila neno lake, na ameiamuru mashine iiangamize Rejista yote iwapo mtu atakosea neno mara nyingi mno. Ilikuwa kazi safi. Sikudhani alipoielewa alikunja uso kwa heshima, kama mpishi anayeonja mchuzi wa mpishi mwenzake.

"Yamebaki majaribio mangapi?" aliuliza.

"Moja," alisema Zaituni.

Mengine yalikuwa yametumiwa kwa kufuata vyeo. Wakuu wa Sitambui hawachapi kwa mikono yao. Mkuu husema, karani huandika. Mkuu wa Itifaki alidai jaribio la kwanza na akataja jina lake mwenyewe pamoja na nishani zake. Mkuu wa Hazina alitaja jina la mama yake, na lilipokataliwa akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mkuu wa Maadili alisema "Uadilifu", likakataliwa, akadai kwamba karani alikosea herufi, akapewa jaribio la pili kwa ajili ya haki, nalo likakataliwa.

"Na msimamizi mwenyewe," Sikudhani aliuliza, "yuko wapi?"

Mlio wa kuchapa ulikoma. Safu zote ziliinua nyuso zikatazama maua ya darini, na zikabaki hivyo mpaka alipoinama tena kwenye mashine yake.

Mchana Zaituni alimchukua kwenda kula. Walipotoka getini alivuka barabara kwanza, akiwa na sahani iliyofunikwa, akaiweka kwenye kibaraza cha nyumba iliyokabili ofisi. Kibarazani alikuwa ameketi mwanamume mwenye ndevu nyeupe zisizochanwa, mguu mmoja umezungushiwa kitambaa. Zaituni hakumtazama. Alisema na hewa.

"Paka, chakula hicho. Wali nimetia kidogo kwa sababu ya sukari. Na mguu uoshwe kwa maji ya chumvi, usifungwe nailoni kama jana."

Kisha akarudi upande wa pili, akishika njia kama mtu aliyesimama kufunga kamba ya kiatu.

"Paka wako ana kisukari?" Sikudhani aliuliza.

"Paka wengi hapa wana maradhi, dada. Hospitali hazipokei paka."

Sikudhani aliangalia mitaa na akaanza kuona. Huku mwanamke aliacha mkate juu ya ukuta akimwambia paka asisahau dawa yake ya macho. Kule kijana alimsomea paka matokeo ya mtihani wake, amegeukia mti. Baadaye aliambiwa kwamba kwa hesabu za serikali Sitambui ina paka wengi kuliko nchi yoyote inayopakana nayo, ingawa yeye kwa macho yake hakumwona hata mmoja.

"Yule ndiye msimamizi," Sikudhani alisema. "Na pua yake ni yako."

Zaituni aliongeza mwendo.

"Yule paka amemaliza muda wake," alisema. "Makosa ya namna yake yana muda. Halmashauri ilishapitisha arudishwe, hakuna hata mmoja aliyepinga. Kilichobaki ni kumwandika katika Rejista, basi, aingie hospitali wamkate kidole kabla hawajalazimika kukata mguu. Au kabla ya hilo jingine."

"Wamwandike basi."

"Rejista imelala."

"Na anayejua neno la kuiamsha ni nani?"

Zaituni akainua uso. Walikuwa barabarani, hapakuwa na dari. Akatazama mawingu.

Sikudhani hakuwa raia wa Sitambui, na sheria yao haikumkataza kitu. Siku iliyofuata alivuka barabara, akasimama mbele ya kibaraza.

"Shikamoo," alisema.

Yule mtu aligeuka kutazama nyuma yake, aone nani anasalimiwa. Hakukuwa na mtu. Midomo yake ilichezacheza kabla ya kupata sauti.

"Marahaba," alisema. Kisha, kama anayeona haya kwa ule mtetemo, akakaza shingo. "Wewe si wa hapa."

"Mimi ni fundi. Nimeitwa kuamsha kompyuta."

"Hazikulala. Nilizifunga mimi." Alilitamka hilo kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. "Umejaribu flashi?"

"Nimejaribu."

"Ukaona haiingii."

"Nikaona haiingii."

Alicheka, akakohoa, akashika goti la mguu mbovu. Harufu ilimfikia Sikudhani pale aliposimama.

"Kila aliyepandishwa cheo alitaka mamlaka ya msimamizi," alieleza. "Aliyataka kama anavyotaka kiti chenye mikono. Wengine hata kuwasha hawajui. Mmoja alifuta wilaya nzima akitafuta mchezo wa karata. Watu wa wilaya ile walikaa wiki nzima hawauziwi chumvi. Basi nikawanyang'anya wote. Nikabaki mimi."

"Peke yako? Bila msaidizi wa kulijua neno?"

"Nani angestahili?"

Sikudhani alilijua jibu hilo. Alikuwa amelisikia kwa mafundi hodari wa ofisi nyingi, na kila mara alikuwa amelisikia akiwa ameitwa kuokota vipande.

"Walinishitaki kwa kiburi," yule mtu aliendelea. "Sikubishi, kiburi ninacho. Mwenyekiti akagonga kengele. Kwetu kengele ikilia tu, mtu hayupo, hakuna wa kumwona wala kumsikia. Na hawakukumbuka kuniuliza neno kwanza. Nilizitazama nyuso zao zikilikumbuka jambo hilo kengele ingali inalia. Basi nikasimama pale pale, nikalisema. Kwa sauti kubwa. Nikalirudia polepole, kama mwalimu wa imla, kwa ajili ya walio nyuma. Wote wakatazama dari."

"Kwa hiyo wanalijua."

"Ukumbi mzima."

"Niambie na mimi. Jioni hii Rejista itafunguka, kesho uko hospitali."

"Hapana."

"Mguu wako unaoza, mzee."

"Pua ninayo." Alisogeza sahani ya jana kwa kidole. "Nikikwambia wewe, watasema mgeni ni hodari. Watakupigia makofi. Mimi nitaandikwa tena kama mtu ambaye siku ile hakusema kitu, aliondoka na neno lake kwa uchoyo. Nililisema, bibi. Nililisema mara mbili. Mmoja wao tu akiri kwamba alinisikia, hata kwa kunong'ona, nitalala kitandani nikatwe wanachotaka."

"Hata binti yako hajakiri?"

Alitazama geti la ofisi ambalo watumishi walikuwa wakitoka wakimpita kama wanavyolipita jiwe.

"Yeye ndiye aliyekuwa anaandika mwenendo wa kikao," alisema. "Niliona kalamu yake ilivyosimama."

Sikudhani alikwenda kwenye Halmashauri akaomba kusema. Mwenyekiti, Mheshimiwa Ngwali, alikuwa mzee mnene mwenye adabu nyingi, aliyemwita kila mwanamke mwanangu. Alimpa kiti.

"Neno mnalolitafuta limo humu ukumbini," Sikudhani alisema. "Lilisemwa mbele yenu. Atakayelikumbuka na alitaje, tumalize kazi."

Hakuna aliyekasirika. Walizungumza kwa upole, kama wanaomweleza mtoto kwa nini jua halishikiki.

"Mwanangu," alisema Mwenyekiti, "sauti huwa na mwenyewe. Pasipo mwenyewe sauti itoke wapi?"

"Mimi siku hiyo nilisikia upepo," alisema Mkuu wa Itifaki kwa tahadhari.

Wengine wakageuka kumtazama, na ikaonekana kwamba wazo hilo limewapendeza. Wawili zaidi wakakumbuka upepo. Mkuu wa Hazina akasema ulikuwa mkali, ulipita mara mbili, na mara ya pili ulipita polepole.

"Upepo huo ulisema nini?" Sikudhani aliuliza.

Hapo Mwanasheria akainua mkono. Alisema kwamba mjumbe ana haki ya kusikia upepo, lakini akidai kwamba upepo ulitamka neno, atakuwa amekiri kwamba aliutega sikio, na hakuna mtu anayeutega sikio upepo isipokuwa ameutambua kuwa si upepo. Mkuu wa Maadili akaongeza kwamba kumtambua aliyefutwa adhabu yake ni kufutwa. Mkuu wa Itifaki akaomba kumbukumbu zisahihishwe: hakusikia upepo, alihisi baridi.

"Lakini mmekubali arudishwe," Sikudhani alisema. "Muda wake umekwisha. Nyote mnataka aandikwe."

"Kwa moyo wote," alisema Mwenyekiti, na macho yake yalikuwa ya mtu asemaye kweli. "Akishaandikwa tu tutamuuliza neno, naye atatuambia, na tutaweza kumwandika."

Wakakubaliana kwamba jaribio la mwisho ni la Mwenyekiti kwa haki ya cheo chake, na kwamba litafanyika hadharani, karani akiandika.

Siku ya kikao hicho Zaituni alikuja asubuhi kwenye chumba cha Sikudhani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Jana paka hakula," alisema. "Ana homa."

"Zaituni, unalijua neno."

Hakutazama juu. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Nalisikia mpaka ninapochota maji," alisema. "Naogopa kuota, nisije nikalisema usingizini, majirani wakasikia."

"Leo vidole vitakavyokuwa kwenye kibodi ni vyako. Kwenye kioo hakionekani kilichoandikwa, ni vitone tu. Andika."

"Na Mwenyekiti atakuwa ametaja neno lake mbele ya wote. Mashine ikifunguka kwa neno ambalo si lile, watajua aliyeandika ni nani, na amelipata wapi. Nitafutwa. Unafikiri naogopa kwa ajili yangu? Nikifutwa mimi, nani atapeleka ile sahani? Sina ndugu, Bi Fundi. Yeye hana mwingine."

"Akiandikwa hatahitaji sahani."

"Ikiwa neno ndilo. Ikiwa mashine itakubali. Ikiwa hawatamfuta tena hapo hapo kwa sababu yangu." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wewe kwenu mnaandika kwanza halafu mnaona. Sisi hatukulelewa hivyo."

Ukumbi ulijaa. Kompyuta kubwa ilikuwa imeletwa mbele na kuwekwa juu ya meza yenye kitambaa kipya. Zaituni aliketi, mikono mapajani. Sikudhani alisimama kando yake kama fundi, na kutoka pale aliwaona wote.

Mwenyekiti aliinuka. Alimtazama Zaituni usoni, jambo ambalo wenyeviti hawalifanyi kwa makarani. Kisha akasema, polepole sana, kama asiyejali kusikika:

"Maendeleo."

Na baada ya kulitaja akainua uso, akatazama dari. Wajumbe wote nao wakainua nyuso. Mkuu wa Itifaki, Mkuu wa Hazina, Mwanasheria, mama wa masijala, safu mpaka mlangoni, wote wakawa wanatazama maua na ndege wa darini, shingo zimepinda.

Vidole vya Zaituni vilipanda kwenye kibodi vikasimama hewani. Sikudhani aliona kidole kimoja kikielekea mahali ambapo herufi za Maendeleo hazipo, kikagusa herufi bila kuibonyeza, kikarudi. Zaituni alitupa jicho ukumbini. Aliona watu waliogeuza nyuso zao kama walivyozigeuza siku ya kengele, na moyo wake ukamwambia, kama ulivyomwambia siku ile, kwamba yuko peke yake.

Akaandika Maendeleo. Aliliandika bila kukosea herufi hata moja, maana alikuwa karani mzuri.

Mashine ilifikiri kidogo. Kisha vitone vikatoweka, kioo kikatoa maneno mafupi kwamba Rejista imeangamizwa kama ilivyoagizwa, kikazimika.

Nyuso zilishuka moja moja. Mwenyekiti alisogea mpaka kwenye meza, akainamia sikio la Zaituni. Sikudhani aliyasikia maneno kwa kuwa alikuwa karibu.

"Mwanangu," alisema yule mzee, "nilitazama juu muda mrefu vile. Sote tulitazama juu."

Zaituni alimtazama bila kuelewa, na kisha akaelewa. Sikudhani aliuona ufahamu huo ukimwingia, na angetoa kitu chochote asiuone. Ukumbi mzima ulikuwa umempa kisogo ili aandike. Rejista ingefunguka, Mwenyekiti angesifiwa kwa busara ya neno lake, wangepiga makofi, na hakuna nafsi moja ambayo ingeuliza. Walimfungulia mlango kwa namna pekee waliyoijua, na namna hiyo ilifanana mno na kumfungia.

"Ungeniambia," alisema Zaituni.

"Ningekwambiaje?" alisema Mwenyekiti, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Jioni hiyo hiyo watumishi walipangusa vioo na kuzifunika mashine vitambaa vyake. Halmashauri iliunda kamati ya kuchunguza kama watu wa Sitambui, sasa ambapo Rejista haipo, bado wapo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka jibu, kamati ilipewa muda usio na mwisho.

Sikudhani alimkuta Zaituni amesimama katikati ya barabara, baina ya geti na kibaraza, hajui aelekee wapi.

"Kwetu kuna hospitali," alimwambia. "Haiulizi Rejista. Tumpakie kwenye gari twende."

"Askari wa mpakani hampitishi mtu asiyetambulika."

"Atamzuiaje mtu asiyemwona?"

Njia ile ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mtu aliyefutwa angeweza kupita kwenye kila mpaka wa dunia mchana kweupe, na hakuna askari wa Sitambui ambaye angethubutu kumwambia simama. Hakuna aliyeifikiria kwa sababu wote walikuwa wanafikiria neno. Na Sikudhani, aliyetoka huko kwenye hospitali, aliyekuwa na gari lililomleta, alikuwa amekaa siku zote hizo akiinamia mashine, akiona fahari kushindana na fundi mwenzake, wakati fundi mwenyewe anaoza ng'ambo ya barabara. Alijua kwamba hilo atalibeba.

Mpakani ilikuwa kama alivyosema. Askari aliwaandika wanawake wawili. Kwenye kiti cha nyuma aliona kitu kilichofunikwa shuka kinapumua kwa shida, akatazama mawingu kwa adabu, akainua kizuizi juu kabisa na kukishikilia mpaka gari lilipopita lote.

"Paka anywe maji," alisema Zaituni, akisogeza kikombe.

"Mimi si paka," ilisema sauti chini ya shuka. "Tumeshavuka. Mimi si paka."

Zaituni alimnywesha, maji yakamwagika shingoni.

"Uliliandika?" yule mtu aliuliza.

"Hapana."

"Uliandika nini?"

"Niliambiwa niandike Maendeleo."

Alitikisika, na ikachukua muda kujua kama anacheka. Kisha akaacha.

"Ningemwambia huyu fundi," alisema. "Siku ile aliponiamkia. Mwanadamu kanipa shikamoo, nami ninakaa kumhesabia nani alisikia na nani hakusikia." Alitafuta mkono wa Zaituni juu ya shuka, akaupata. "Ulikuwa na mwandiko mzuri tangu mdogo. Hukukosea hata herufi?"

"Hata moja."

"Najua," alisema.

Hakusema tena. Sikudhani aliendesha kwa kasi ambayo barabara ile haikuiruhusu. Walipokunja kona ya mwisho, taa za hospitali zikaonekana, alitazama kwenye kioo akaona kwamba Zaituni ameacha kuupangusa uso wa baba yake, ameushika tu mkono, na hamharakishi dereva tena.

Wauguzi walikuja mbio na kitanda cha magurudumu, wakampokea, wakamsikiliza kifua, wakapunguza mbio. Daktari alitoka, akainama, akarudi ndani. Akabaki muuguzi mmoja mezani, binti mchangamfu aliyechoka, na kalamu mkononi.

"Poleni sana," alisema. "Mngemleta mapema kidogo. Anaitwa nani?"

Zaituni alisimama mbele ya meza ile. Jina lilikuwa halijapita kinywani mwake tangu kengele. Alikuwa amelizungukia njia zote ambazo ulimi unaweza kuzunguka, na sasa lilipotakiwa lilikwama, akatoa pumzi tu.

"Sema kwa nguvu, dada," alisema muuguzi. "Sikukusikia."

"Idarusi," alisema Zaituni.

"Idarusi nani?"

"Idarusi Mkanga." Sauti yake ilipanda, akashindwa kuirudisha chini, na watu waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi waligeuka kumtazama. "Idarusi Mkanga. Ni baba yangu. Alikuwa msimamizi wa mfumo. Alisema neno mara mbili na mimi nilimsikia."

Muuguzi alingoja amalize. Kisha akaandika jina peke yake, kwa kuwa ndilo lililotakiwa, na akalisoma kwa sauti ili ahakikishe.

"Ndiyo," alisema Zaituni. "Ndilo."

Na muuguzi akamwita anayefuata.